Kabla hujamwita kwotabeki mpya galasa

Msimu wa 2024 pale tunaponyolewa Rogers Park, hapa Chicago, kila Jumapili ilikuwa kama kikao cha mirathi. Kinyozi mwenyewe mtu wa Mombasa, wateja nusu ni ndugu zetu wa Bukavu na Uvira, sisi Wabongo wachache tumebanana kwenye benchi la ukutani, TV iko juu ya kioo na Bears, timu yetu ya Chicago ya mpira wa Kimarekani, wanapigwa. Walipigwa mechi 10 mfululizo mwaka ule, kumi, na kila wakipigwa swali ni lile lile, huyu dogo Caleb Williams, kwotabeki wetu mpya, ni mchezaji kweli au tumeuziwa mbuzi kwenye gunia. Kaka mmoja wa Bukavu alikuwa anasimama kabisa na kitambaa chake cha kunyolea shingoni, "Uyu mutoto haweze!" Kinyozi anazima mashine, "Wee wacha, huoni ukuta ulivyo? Hata wewe ungekaa pale ungelia." Basi nywele za mtu zinabaki upande mmoja mpaka ugomvi uishe.

Mimi nilikuja nchi hii najua mpira mmoja tu, wa miguu. Ilinichukua miaka kuelewa wanachogombania, na nilipoelewa nikaona kitu kimoja, nusu ya ugomvi ni watu wanaongelea vitu tofauti wakidhani wanaongelea kitu kimoja. Mmoja anaongelea matokeo, mwingine kipaji, wa tatu anaongelea hela. Na haya mambo hayaishi, maana kila Aprili wakimaliza drafti kuna timu nyingine inapata dogo mpya na mashabiki wake wanaanza upya. Sasa ngoja nijaribu kulifungua hili fundo taratibu, hata kwa yule ambaye hajawahi kuangalia mechi nzima ya hawa jamaa.

Maneno kwanza. Timu inayoshambulia inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10, kama mita 9 na kidogo. Wakifanikiwa wanapewa mengine manne, wakishindwa mpira unaenda kwa wenzao. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira kila jaribio likianza halafu anaamua, ampe mkimbiaji, amrushie mtu aliyeko mbele, au akimbie nao mwenyewe. Mbele yake kuna mijitu mitano mikubwa kazi yake ni kuzuia asifikiwe, mimi nitaiita ukuta. Wanaokimbia mbele kudaka ni wapokeaji. Akikamatwa na mpira mkononi kabla hajarusha hiyo ni saki. Akirusha ukadakwa na adui ni intasepsheni. Mpira ukifika mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6. Drafti ni ule utaratibu wa timu kuchagua vijana wanaotoka vyuo, aliyefanya vibaya kuliko wote anachagua wa kwanza, na ndiyo maana kwotabeki bora wa chuo karibu kila mwaka anajikuta kapelekwa kwenye timu mbovu kuliko zote. Hapo tu ungesimama ukafikiria kidogo, maana sisi kwenye mpira wetu kijana mkali anaenda Real Madrid, hawa wanampeleka kwa anayeshuka daraja. Na hawashuki daraja, wanabaki na ubovu wao humo humo.

Kosa la kwanza ambalo watu wa mpira wa miguu tunafanya ni kumfananisha kwotabeki na namba 10. Namba 10 akikosa pasi, mchezo unaendelea, wenzake wanaweza kufunga yeye kalala. Kwotabeki anagusa mpira karibu kila jaribio la timu yake, kwa hiyo anaonekana ndiye kila kitu. Lakini wakati huo huo ni mtu tegemezi kuliko yeyote uwanjani. Kuamua atarusha nini mara nyingi si yeye, kocha anamwambia kupitia kispika kidogo ndani ya helmeti, na kinakatwa zikibaki sekunde 15 kwenye saa ya kuanzisha. Mpira ukianza ana kama sekunde mbili na nusu, tatu akibahatika. Hesabu mwenyewe, mia moja na moja, mia moja na mbili, mia... umeshaliwa. Ndani ya muda huo aangalie mabeki wamekaaje, wapokeaji watatu wanne wameenda wapi, nani yuko wazi, na arushe pale mtu atakapokuwa, maana alipo sasa hivi hatakuwepo mpira ukifika. Jaribu kuingiza namba ya siri ya M-Pesa huku majamaa wanne wa kilo 130 wanakukimbilia halafu unayemtumia hajui kama uliwahi kumwambia utatuma shilingi ngapi. Ndiyo kazi yenyewe.

"Ana tano na kumi na mbili"

TV za hapa zina tabia moja mbaya, zinaandika ushindi na kufungwa chini ya jina la kwotabeki kama vile kacheza peke yake. Caleb msimu wake wa kwanza ana 5 na 12. Ukisikia hivyo unasema dogo kafeli, kashinda 5 kafungwa 12. Lakini kwotabeki hachezi ulinzi hata dakika moja, timu yake ikipoteza mpira yeye anaenda kukaa benchi na taulo, na mpira wa kupiga na mguu kwenye milingoti anapiga mtu mwingine kabisa.

Nataka niwaonyeshe mechi moja kwa karibu. Tarehe 27 Oktoba 2024, Bears wako ugenini kwa Washington Commanders. Ilikuwa mechi ya wageni wawili wa ligi, Caleb aliyechaguliwa namba 1 na Jayden Daniels aliyechaguliwa namba 2, kwa hiyo nchi nzima inaangalia nani alitakiwa kuwa wa kwanza. Caleb siku hiyo alichemka, alirusha 24 zikadakwa 10 tu. Pamoja na hivyo sekunde 25 za mwisho Bears wanafunga, wanaongoza 15 kwa 12. Kwa kinyozi watu walikumbatiana, mtu akamwaga chai. Ikabaki nafasi ya jaribio moja, lile la kubutua mbali na kuomba, hawa wanaliita Salamu Maria, na jina linafaa. Daniels akazunguka zunguka kule nyuma, akabutua zaidi ya yadi 50, beki mmoja wa Bears wakati jaribio linaanza bado alikuwa kageukia jukwaani anawatania mashabiki wa Washington, mpira ukashuka kwenye msitu wa mikono, ukaguswa, ukadunda nyuma kwenye mikono ya Noah Brown aliyekuwa kasimama peke yake mle mwisho. 18 kwa 15. Mechi imeisha.

Kesho yake Daniels ni shujaa na Caleb ni galasa. Sasa niambie, vidole vya yule beki vingeugusa ule mpira sentimita mbili upande mwingine, Caleb angeandikiwa ushindi kwa mechi ambayo alirusha vibaya kuliko mwenzake, na Daniels angeandikiwa kufungwa kwa mechi aliyocheza vizuri. Hakuna hata mmoja kati yao angekuwa mchezaji tofauti. Sisemi Daniels alibahatisha msimu, hapana, alishinda 12 akafungwa 5 na timu ikafika mechi moja kabla ya Super Bowl, ndiyo fainali yao, dogo alikuwa moto. Ninachosema ni kwamba ile safu ya ushindi inapima timu, vidole vya mabeki, upepo na kocha, na kwotabeki yumo humo ndani mahali fulani.

Kocha nimemtaja makusudi. Mwezi mmoja baadaye, sikukuu ya Thanksgiving, Bears wako Detroit. Kipindi cha kwanza kimeisha Bears wako nyuma 16 kwa 0, kipindi cha pili Caleb anarusha tachidauni tatu, inakuwa 23 kwa 20 na wanasogea kusawazisha. Anasakiwa zikiwa zimebaki sekunde kama 30 hivi. Timu bado ina taimu auti moja. Ukiwa na taimu auti unaiita, saa inasimama, unapumua, unapanga. Hawakuiita. Saa inatembea, watu wanarudi kwenye mistari wanababaika, jaribio linaanza zikiwa zimebaki sekunde sita, Caleb anabutua, haidakwi, kwisha habari. Kesho yake kocha mkuu Matt Eberflus kafukuzwa, na klabu ile ilianza mwaka 1920 ilikuwa haijawahi kumfukuza kocha mkuu katikati ya msimu. Kocha wa mashambulizi alikuwa ameshafukuzwa wiki kadhaa nyuma. Yaani mtoto wa miaka 23, mwaka wake wa kwanza kazini, kabadilishiwa mabosi wote wawili kabla ya Krismasi. Na kufungwa kule Detroit kuliandikwa chini ya jina lake vile vile.

Ukuta, na pale ambapo kinyozi alikosea

Mwaka ule Caleb alisakiwa mara 68, hakuna aliyesakiwa zaidi kwenye ligi nzima. Mechi 17, kwa hiyo ni mara nne kila mechi unatupwa chini na mtu anayekuzidi karibu kilo 30. Mwaka mmoja kabla yake, Bryce Young wa Carolina Panthers, naye kachaguliwa namba 1, alisakiwa mara 62 na timu ikashinda mechi mbili tu. Na ukirudi nyuma mpaka 2002, David Carr, naye namba 1, alipelekwa Houston Texans timu ikiwa imeanza kucheza mwaka ule ule, akasakiwa mara 76. Hiyo ni rekodi mpaka leo. Wengi wanaamini Carr aliharibikia pale pale, kwamba mtu akishapigwa vile anaanza kuogopa, macho yanaacha kuangalia wapokeaji yanaangalia wanaokuja. Anakuwa kama mtu aliyewahi kuibiwa simu Kariakoo, hata akiwa nyumbani kwake anashika mfuko.

Kwa hiyo kinyozi ana hoja. Lakini hoja yake nusu tu, na hapa ndipo mashabiki wanaompenda mchezaji wao huwa hawataki kufika. Saki nyingine ni za kwotabeki mwenyewe. Ukuta ukimpa sekunde tatu akakaa na mpira sekunde tano anatafuta tachidauni ya kuonyeshwa kwenye klipu, akasakiwa, hapo ukuta umekosea nini? Ni kama umemwambia fundi seremala kesho saa nne nakuja kuchukua kitanda, umekuja saa kumi jioni umekuta kimenyeshewa nje, halafu unamlaumu. Caleb alikuwa na hilo tatizo tangu chuo, anapenda kukimbia kimbia kule nyuma akitafuta muujiza, na chuoni muujiza ulikuwa unapatikana kwa sababu mabeki wa chuo wanachoka. Wa NFL, ligi yenyewe ya wakubwa, hawachoki, wanalipwa.

Njia rahisi ya kutofautisha, wala huhitaji kompyuta. Mpira ukianza, hesabu kwa mdomo. Kasakiwa kabla hujafika tatu, laumu ukuta, au laumu kocha aliyeita jaribio linalohitaji muda mrefu. Umefika nne na nusu bado kashika, laumu yeye. Si sheria ya Musa, kuna mara wapokeaji wote wamekabwa hakuna pa kurusha, lakini hata hapo kwotabeki aliyekomaa anautupa nje ya uwanja makusudi anaishi kucheza jaribio lingine. Kuutupa nje kunaonekana woga, kumbe ni akili.

Halafu angalia kilichofuata. 2025 Bears wakaleta kocha mkuu mpya, Ben Johnson, yule aliyekuwa anaendesha mashambulizi ya Detroit, na katikati ya ukuta wakabadilisha watu watatu kwa mkupuo, Joe Thuney, Jonah Jackson na Drew Dalman. Saki zikapungua zaidi ya nusu. Timu ikamaliza 11 na 6, ikachukua ubingwa wa kanda yake. Mtu akikwambia Caleb amekuwa mzuri mwambie ndiyo, na mtu akikwambia walimjengea nyumba mwambie ndiyo pia, wote wawili wana haki na ukitaka kujua asilimia ngapi ni huyu na ngapi ni yule, hakuna mtu anayejua, hata wanaovaa suti kwenye TV.

Namba zinasema, ila zinasema kwa kunong'ona

Wapo wanaosema tuachane na hisia tuangalie takwimu. Sawa, zipi? Asilimia ya mipira iliyodakwa inaonekana ya haki mpaka ukumbuke kwamba mtu anaweza kurusha mipira mifupi mifupi ya yadi mbili siku nzima, yote ikadakwa, na timu isisogee. Ni kama beki wa kati anayempasia kipa, asilimia 95 ya pasi sahihi, hongera. Yadi nazo, kuna mtu anapata yadi mia mbili dakika za mwisho timu imeshafungwa 30 kwa 3 na wapinzani wanafikiria usafiri wa kurudi. Tachidauni, wakati mwingine mkimbiaji kaufikisha mpira yadi moja kabla ya mstari kwotabeki akamalizia kwa kirusho cha hatua moja. Kuna ile alama ya jumla wanayopewa makwotabeki, mwisho wake ni 158.3, ukishangaa kwa nini si 100 hauko peke yako. Ilianza kutumika NFL mwaka 1973 na mpaka leo haihesabu saki wala mbio zake mwenyewe. Yaani aliyesakiwa mara nane na ambaye hajasakiwa wanaweza kutoka na alama ile ile.

Intasepsheni ndiyo inayoumiza zaidi, na hapa kuna uongo mkubwa. Watu wanadhani kila intasepsheni ni kosa la kwotabeki. Mpira unaweza kufika mikononi kwa mpokeaji kabisa, ukamponyoka, ukarukia kwa adui, anaandikiwa kwotabeki. Mpokeaji anaweza kwenda kushoto wakati walikubaliana kulia, anaandikiwa kwotabeki. Na kinyume chake pia, beki anaweza kurushiwa mpira wa bure kifuani akaudondosha, kwotabeki anaonekana msafi kumbe kaponea chupuchupu. Tena kuna mtu ana intasepsheni chache kwa sababu ni mwoga, hathubutu. Dereva wa daladala ambaye hajawahi kugonga kwa sababu hajawahi kutoka stendi.

Namba ambayo mimi naiheshimu kidogo ni ile ya pointi zinazotarajiwa. Kama unafuatilia Ligi Kuu ya Uingereza unaijua xG, yale mabao yanayotarajiwa, hii ni ndugu yake. Wanachukua maelfu ya mechi za nyuma, wanaangalia timu ikiwa sehemu fulani ya uwanja, jaribio fulani, imebakiza yadi kadhaa, kwa kawaida huwa inaishia kupata pointi ngapi. Halafu wanauliza, baada ya jaribio hili hali imekuwa nzuri au mbaya zaidi? Kwa hiyo yadi tatu ukiwa unahitaji mbili inahesabika jambo kubwa, na yadi nane ukiwa unahitaji kumi na tano kwenye jaribio la tatu inahesabika karibu bure, kwa sababu mpira utaupiga tu kwa mguu uende kwa wapinzani. Inakaribia maisha halisi. Lakini hata hiyo inapima kikosi kizima kinachoshambulia, ukuta umo, wapokeaji wamo, na mwenye namba nzuri bado unaweza kumwita mchezaji wa mfumo, jina analoitwa Brock Purdy wa San Francisco kila siku. Jamaa kachaguliwa wa mwisho kabisa drafti ya 2022, nafasi ya 262, msimu wake wa pili akaipeleka timu Super Bowl ikafungwa na Kansas City 25 kwa 22 kwenye muda wa ziada, na bado watu wanasema ni kocha na wenzake. Labda. Ila na wengine wangapi wamepewa mfumo mzuri wakauvunja?

Basi tusubiri muda gani?

Hapa ndipo nyuzi zinapokatika. Peyton Manning mwaka 1998 na Indianapolis Colts, namba 1 wa drafti, alirusha intasepsheni 28, hakuna mgeni wa ligi aliyewahi kufikisha hizo, timu 3 na 13. Mwaka uliofuata 13 na 3. Alistaafu akiwa na tuzo tano za mchezaji bora wa ligi. (Colts hao hao miaka ya baadaye walimchukua Daniel Adongo, mcheza raga wa Kenya, na 2013 akawa Mkenya wa kwanza kucheza NFL, hii nimeitia tu kwa sababu yule kinyozi hatanisamehe nisipoitia.) Josh Allen wa Buffalo, 2018 mipira yake iliyodakwa haikufika hata asilimia 53, tachidauni 10 intasepsheni 12, watu wakasema huyu ana mkono wa bunduki na macho ya mlevi. 2020 wakamletea Stefon Diggs wa kumrushia, asilimia ikapanda mpaka 69. Mwaka 2024 kawa mchezaji bora wa ligi.

Kwa mifano hiyo kila shabiki wa timu mbovu anasema subirini, Allen naye alianza hivi. Kosa. Kwa kila Allen wapo wengi waliosubiriwa na hawakufika, sema tu hatuwakumbuki, hakuna anayetengeneza klipu za mtu aliyeshindwa. Na mambo yanaenda upande wa pili pia. 2023 C.J. Stroud wa Houston, namba 2, alipiga yadi 4,108 na intasepsheni 5 tu mwaka wa kwanza, Carolina wakazomewa nchi nzima kwa kumchukua Bryce Young badala yake. 2024 Stroud akashuka, intasepsheni 12, saki 52. Sasa Stroud wa kweli ni yupi? Ukuta wake ulikuwa umeoza mwaka huo wa pili, ndiyo, lakini pia ligi nzima ilikuwa na miezi sita ya kumsoma kwenye video. Mwaka wa kwanza wewe ni siri. Wa pili kila mtu ana kaseti yako.

Hiyo ya Young ina utamu wake kwa sisi wa Chicago. Ile namba 1 ya 2023 ilikuwa ya Bears, wakawauzia Carolina, wakapewa mpokeaji DJ Moore na nafasi kadhaa za drafti, mojawapo ya raundi ya kwanza ya 2024. Carolina wakavurunda mpaka mwisho, ile nafasi ikageuka kuwa namba 1, na ndiyo iliyomleta Caleb. Young mwenyewe mwaka wake wa pili aliwekwa benchi baada ya mechi mbili, akarudi mwenzake alipoumia kwenye ajali ya gari, na aliporudi akaonekana mtu mwingine. Wiki chache za kukaa pembeni na kutazama zikafanya kitu ambacho kupigwa msimu mzima hakukufanya. Green Bay hao jirani zetu tunaowachukia ndio wanaojua hilo zaidi, Aaron Rodgers alikaa benchi miaka mitatu, Jordan Love miaka mitatu. Lakini ili umkalishe mtu miaka mitatu lazima uwe na mtu mzuri wa kucheza, na timu iliyochagua namba 1 ingekuwa naye isingechagua namba 1.

Na kuna hela. Mkataba wa Caleb ni wa miaka minne kama dola milioni 39 zote kwa pamoja. Kwotabeki aliyeshakomaa anayelipwa juu kabisa, kama Dak Prescott wa Dallas, anachukua wastani wa milioni 60 kwa mwaka mmoja. Kwa hiyo ile miaka ya mwanzo timu inakuwa kama mtu aliyepanga nyumba Masaki kwa kodi ya Mbagala, hela inayobaki inanunua ukuta na wapokeaji. Na sheria inataka kwa waliochaguliwa raundi ya kwanza timu iamue baada ya msimu wa tatu kama inauongeza mwaka wa tano. Kwa hiyo shabiki akisema tumpe miaka mitano, kwa moyo yuko sawa, kwa kalenda hayuko sawa. Kama ukiniuliza mimi, mwaka wa kwanza naangalia tu kama kosa la Septemba bado analirudia Desemba. Ile ya mabeki kujificha na kumzunguka, alidanganywa nayo wiki ya tatu, je wiki ya kumi na nne anadanganyika tena? Mwaka wa pili ndio nafungua mdomo. Na wakimbadilishia kocha naanza kuhesabu upya, hata kama mashabiki wenzangu wanasema namtetea.

Hata ukifanya yote hayo unaweza ukakosea. Sam Darnold alichaguliwa namba 3 mwaka 2018 na New York Jets, akashindwa, akapelekwa Carolina, akashindwa, akaenda kuwa wa akiba San Francisco. Ukiuliza watu 2022 wote wangekwambia galasa na wangekuwa na takwimu mkononi. 2024 Minnesota wakamchukua kwa mkataba wa mwaka mmoja tu, akashinda 14 akafungwa 3. Wakamwacha aondoke. Akaenda Seattle, na Februari 2026 akabeba Super Bowl. Sasa waliosema 2022 hawezi walikuwa wamekosea, au yule wa 2022 kweli alikuwa hawezi? Mimi naona walikuwa sahihi kuhusu Darnold wa Jets. Ila Darnold wa Jets alikuwa ni Darnold pamoja na Jets.

Januari 2026 kwa kinyozi tulikuwa tumejaa mpaka nje, Bears na Rams wa Los Angeles, mechi ya mtoano, robo ya mwisho ya mechi, barafu Chicago imeshika mpaka kope. Bears wako nyuma, jaribio la nne, sekunde 18 zimebaki. Caleb anakimbizwa, anarudi nyuma zaidi ya yadi 20, yaani ule ule ujinga wake wa kushika mpira muda mrefu tuliomtukana nao 2024, mimi nimeshafika tano kwenye kuhesabu, na anabutua akiwa anaanguka nyuma, Cole Kmet anadaka mle mwisho. Imesawazishwa. Kaka wa Bukavu aliyesema mutoto haweze yuko juu ya kiti na jezi namba 18, anaapa kwamba yeye alisema tangu mwanzo. Muda wa ziada, Caleb anarusha kwa DJ Moore, intasepsheni. Rams wanapiga mguu, 20 kwa 17, msimu umekwisha.

Kinyozi akachukua simu akairudisha ile klipu. Akairudisha tena. Anasema Moore alikata njia tofauti na ile Caleb aliyoitegemea, angalia bega lake. Kaka wa Bukavu anasema hapana, mpira ulienda juu, angalia mkono. Tumeiangalia kama mara ishirini, na kuna mzee wa watu bado amekaa kwenye kiti, upande mmoja kanyolewa.